Daftari la Malaba

Na Mwanachama wa Kidato cha 4

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nilifunzwa nikiwa shule ya msingi na nikaiandika katika insha zangu mara nyingi ili nipate alama, lakini maana yake sikuijua. Niliijua siku nilipofungua daftari moja la baba, lile la jalada la samawati la kurasa 32, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza huwa nalo. Leo nataka kuwasimulia habari za daftari hilo. Si hadithi ya kubuni. Ni mambo yaliyotupata nyumbani kwetu hapa Nyamache, na sehemu yangu katika mambo hayo si ya kujivunia.

Nyamache, kwa wale ambao hawajafika kwetu, iko Bobasi katika kaunti ya Kisii. Ni nchi ya milima, migomba na chai, na asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtu aoge kwa kuhesabu maji. Majani tunayochuma hupelekwa katika kituo cha kununulia, kisha lori huyabeba hadi kiwandani. Chai ikishakauka hupakiwa katika magunia ya karatasi na kusafirishwa mpaka Mombasa, ambako huuzwa kwa mnada. Hapo ndipo baba alipoanzia kazi. Katika ujana wake alikuwa mpakizi wa magunia hayo. Siku moja akapanda lori kwenda kushusha mzigo Mombasa, na kwa vile alikuwa kijana mwepesi dereva akamfanya utingo wake. Kutoka utingo akawa dereva. Kufikia mwaka 2019 alikuwa ametimiza miaka 11 akiendesha trela la kampuni moja ya Mombasa ambayo sitaitaja jina, akitoa kontena bandarini na kuzipeleka Kampala na Kigali.

Sisi Wakisii baba humwita tata. Tata alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili, na mara nyingi usiku. Akija huja na halua na nazi mbili tatu. Kesho yake mama anapika wali wa nazi, na majirani wanakuja kuonja hicho chakula cha watu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha barabara: neno la Mombasa, neno la Nakuru, neno la Kampala, yote yamechanganyika kama githeri. Mimi nilipenda kumsikiliza. Nadhani hata chama hiki cha Kiswahili nilijiunga nacho kwa sababu yake.

Sasa, ili mjue kisa chetu kilitoka wapi, hebu niwarudishe nyuma kidogo. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa kwa abiria. Mwaka 2018 ikaanza kubeba mizigo. Wengi walifurahi, na mimi sisemi kwamba reli ni jambo baya. Lakini kontena likipanda treni, kuna lori lililolala. Mwezi wa Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo yote inayoingia kupitia bandari ya Mombasa kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli. Wenye malori wakapiga kelele, na amri hiyo ikasimamishwa baada ya siku chache tu. Hata hivyo mizigo iliendelea kuhamia kwenye reli, na mjini Mombasa watu wakawa wanaandamana siku za Jumatatu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo reli ikafunguliwa mbele zaidi, hadi Suswa. Kampuni zilizonunua malori kwa mkopo wa benki zilijikuta na madeni ya kulipa kila mwezi huku malori yakikaa kituoni wiki nzima. Kampuni ya kina tata ilikuwa mojawapo. Kufikia Desemba madereva walikuwa hawajalipwa mishahara ya miezi mitatu. Waliambiwa wavumilie, na wakavumilia. Posho ya safari walikuwa bado wanapewa, na mtu akiwa na posho huona kwamba kazi ingalipo.

Siku ya Jumatano, tarehe 11 Desemba 2019, tata alifika Malaba akiwa na kontena la vigae vya sakafu la mfanyabiashara wa Kampala. Kutoka Mombasa hadi hapo ni zaidi ya kilomita 900. Desturi yao ilikuwa kujaza mafuta katika kituo kimoja kabla ya kuvuka mpaka, na kampuni ndiyo inayolipa kwa oda. Alipofika, kijana wa kituo alitazama namba ya lori, akapiga simu, akarudi.

"Mzee, hapa hakuna mafuta yenu. Oda zimefungwa."

"Zimefungwa vipi? Mimi nitafika Kampala na nini?"

"Hiyo uliza ofisi yako."

Alipiga simu ofisini. Simu imezimwa. Akampigia meneja, naye hapatikani. Kesho yake dereva mwenzake aliyekuwa Mombasa alimweleza kwamba lango limefungwa kwa mnyororo, mlinzi anasema wakubwa hawajulikani waliko, na watu waliotumwa na benki wanahesabu magari. Kampuni imekufa, na wafiwa wako njiani! Kulikuwa na lori lao lingine lililokwama Kigali na mawili Kampala. Kila mmoja mahali pake, kila mmoja na tangi lisilo na kitu.

Nilipokuwa mdogo nilijiuliza swali ambalo pengine nawe msomaji unajiuliza. Kwa nini hakupanda matatu akaja nyumbani? Kutoka Malaba hadi Nyamache ni safari ya siku moja. Jibu ni kwamba mzigo wa kwenda nchi nyingine haujalipiwa ushuru hapa Kenya. Mamlaka ya Ushuru huufunga kwa sili ya kielektroniki ambayo huonyesha lori liko wapi na kama mlango umefunguliwa. Karatasi za mzigo zina jina la dereva. Kontena hilo likipotea au likifunguliwa, mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye, na hakuna atakayeamini kwamba aliliacha tu kwa sababu ya njaa. Lori nalo lilikuwa la kampuni kwa jina, lakini la benki kwa deni. Vigae vilikuwa vya mtu wa Kampala. Sili ilikuwa ya serikali. Kila kitu pale kilikuwa na mwenyewe wa kukiulizia isipokuwa tata. Utingo wake, kijana wa Mariakani, alikaa siku tano, kisha tata akamwombea nafasi katika lori lililokuwa likirudi Mombasa. Akabaki peke yake.

Huku nyumbani hatukujua mambo haya kwa ukamilifu. Mvua ya mwisho wa mwaka ule ilikuwa kubwa kote nchini, na njia ya kwetu ilikuwa tope tupu. Tata alipiga simu mara ya kwanza akasema amechelewa kidogo, kuna shida ya ofisi. Halafu simu yake ikawa hapatikani. Bonasi ya chai ya Oktoba ilikuwa imekwisha kulipa karo ya dada yangu na deni la duka. Krismasi ilikuwa inakaribia. Majirani wale wale waliokula wali wetu wa nazi wakaanza kusema. Nilimsikia mmoja katika kituo cha kununulia majani akimwambia mwenzake, "Madereva ni watu wa njia. Huyo amepata jiko lingine huko Malaba." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kikapu changu cha majani, nikajifanya sikusikia.

Nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Tata alikuwa ameniahidi viatu vya shule na begi. Viatu vyangu vilikuwa vimefunguka mbele kama mdomo wa mamba, na nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba Januari wataniona. Nilisikia uchungu sana. Uchungu wa mtoto hauulizi maswali, hutafuta tu mtu wa kubeba lawama.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Desemba, mama alikwenda kuchuma chai akaiacha simu nyumbani ikichajiwa. Mnamo saa nne simu ikalia. Namba ilikuwa ngeni. Nilipopokea nilisikia sauti ya tata, lakini ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye homa.

"Mamako yuko?"

"Hayuko, yuko chai."

"Sikiliza. Simu yangu haina moto, hii nimeazimwa na mwenzangu. Mwambie mamako anitumie pesa kwa namba hii. Hata mia tano. Mwambie nimekwama, lakini nikipata ya kula nitasubiri. Umesikia? Usisahau kumwambia."

"Ndiyo, tata."

Nyuma yake nilisikia sauti za watu wakicheka, na mmoja alikuwa mwanamke. Mpenzi msomaji, nasema ukweli. Nilikata simu, nikaifuta namba ile, na sikumwambia mama. Siku hiyo sikumwambia. Kesho yake pia sikumwambia. Nilijiambia kwamba mtu anayecheka na wanawake hana njaa. Nilijiambia kwamba mia tano hiyo ni robo ya viatu vyangu. Mama aliporudi na kuuliza kama kuna mtu amepiga, nilisema hakuna.

Alhamisi jioni, tukila, mama aliweka sahani chini akasema polepole, "Kama tata yenu amekufa si wangetuambia?" Ndipo tonge liliponikwama. Nikamweleza. Hakunipiga. Aliniangalia tu, akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu asubuhi ya leo. Uongo juu ya uongo! Bahati nzuri namba ile nilikuwa bado naikumbuka, kwa kuwa mtoto akitaka kusahau jambo ndipo hulikariri. Mama alichukua tochi, akaenda kwa jirani kuuza kuku wake watatu wa Krismasi usiku huo huo, akatuma shilingi 800.

Tata alikaa Malaba wiki nne. Maisha yake ya huko alitusimulia baadaye, kidogo kidogo, hasa mvua ikinyesha. Alilala ndani ya lori. Kuoga ni shilingi 30, kwa hivyo alioga Jumapili. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha chakula, Mteso wa hapo hapo, aliyemwambia, "Dereva, kula, utalipa ukilipwa." Madereva waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka walimchangia. Mmoja alikuwa Msomali, mmoja Mkamba, wawili Waganda, na mwingine Mkongomani wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kilimchekesha tata hata katika dhiki ile. Walipitisha kofia wakapata shilingi 2,350. Tata hupenda kusema kwamba kama hangejua Kiswahili angekufa njaa, maana Kikisii chake pale kingemfikisha wapi? Wale watu hawakumjua. Walijua tu kwamba amekaa mahali ambapo hata wao wangeweza kukaa.

Na yote aliyopewa aliyaandika. Alinunua daftari kwa shilingi 15 akaliweka juu ya dashibodi. Chai na mandazi mawili, 30. Ugali na omena, 80. Kuchaji simu, 20. Mchango wa madereva, 2,350, na majina yao. Krismasi foleni ilipungua sana, karibu wote wakawa wameenda kwao. Siku hiyo yule mama wa kibanda alimletea chapati tatu kwenye sahani iliyofunikwa, akakataa ziandikwe. Tata akaziandika hivyo hivyo: chapati 3, zawadi.

Tarehe 7 Januari 2020 wakala wa mwenye vigae alifika na lori jingine, na kontena likahamishwa mbele ya maofisa wa ushuru. Hakuna aliyemuuliza tata amekula nini, lakini sili iliangaliwa mara tatu. Kesho yake akaja dalali na barua ya benki kuchukua lori. Alikagua magurudumu, betri, spea, jeki, kila kitu kikawepo. Alishangaa. Alisema malori mengine waliyoyakuta njiani yalikuwa yamebaki mifupa. Kisha tata akamwambia, "Ngoja. Kuna lita 20 za dizeli nilitoa kwenye tangi nikauza. Nilipata 1,400. Nimeandika hapa." Dalali alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Akasema, "Mzee, wewe ndiwe unayedai mishahara ya miezi mitatu, na unanipa hesabu ya lita 20?" Tata akamwambia, "Hao wataulizwa yao. Mimi naulizwa yangu. Tia sahihi." Na yule mtu akatia sahihi.

Alifika nyumbani usiku wa siku iliyofuata kupitia Busia, Kisumu, Ahero na Oyugis. Hakuwa na nazi wala halua. Mama alimpikia ugali wa wimbi na chinsaga, akala bila kusema kitu, akalala hadi saa sita mchana. Mimi nilirudi shuleni na viatu vile vile, nikaanza darasa la saba.

Je, mishahara yake? Hadi leo ninapoandika, hakuna hata senti. Nimejaribu kuisoma sheria kidogo, kwa msaada wa mwalimu mlezi wa chama chetu, ili nijue haki yake ilikuwa ipi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua apewe notisi ya mwezi mmoja, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tata alikuwa na miaka 11. Lakini kifungu hicho hicho kinasema hakihusu kampuni iliyofilisika, hiyo ina sehemu yake nyingine. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 nayo inaweka mishahara ya miezi minne ya mwisho miongoni mwa madeni ya kulipwa mapema, baada ya gharama za kufilisi kwenyewe. Ni sheria nzuri. Lakini ili ifanye kazi lazima kwanza kampuni ifilisiwe rasmi na awepo mfilisi wa kupelekewa madai. Kampuni ya kina tata haikwenda mbele ya hakimu. Ilizima simu. Benki ilikuwa na haki juu ya malori, ikayachukua, na madereva wakabaki wanalidai lango lililofungwa kwa mnyororo.

Nilidhani mambo kama haya ni ya nchi zetu maskini tu. La hasha! Mwalimu alinionyesha kwamba wiki ile ile tata alipokwama Malaba, tarehe 9 Desemba 2019, kampuni kubwa ya malori ya Celadon huko Indianapolis, Marekani, ilitangaza kufilisika, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Baadhi ya madereva walikuwa njiani wakakuta kadi zao za mafuta hazifanyi kazi. Miaka 10 kabla ya hapo, tarehe 22 Desemba 2009, kampuni ya Arrow Trucking ya Tulsa, Oklahoma, ilikuwa imefanya vivyo hivyo siku tatu kabla ya Krismasi. Mamia ya madereva walikwama kwenye baridi na theluji. Huko nako waliowaokoa wa kwanza walikuwa madereva wenzao na watu wa kawaida waliowapa lifti na chakula. Waliokuwa na malori ya Freightliner waliambiwa wayapeleke kwa mawakala wake wapewe tikiti ya basi ya kurudi kwao. Aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo alifungwa mwaka 2015, kwa makosa ya kodi na kuilaghai benki. Tata nilipomsomea habari hizi alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe hata huko kitu cha kwanza kufungwa ni mafuta." Halafu akauliza kama wale madereva walifika kwao. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Mwaka 2020 korona ilipoingia shule zikafungwa, na tata alikuwa nasi akichuma chai. Jioni moja ya mwezi wa Mei tulikuwa sokoni, na televisheni ya dukani ikaonyesha foleni ya malori Malaba, kilomita nyingi, madereva wakisubiri kupimwa. Watu walikuwa wakisema madereva ndio wanaotuletea ugonjwa. Tata alisimama akatazama mpaka habari ikaisha. Mwezi huo huo ndipo alipomaliza kumlipa yule mama wa kibanda kwa simu, mia mbili leo, mia tatu kesho, akizitoa katika pesa za majani.

Sasa nirudi kwenye daftari. Likizo ya Aprili 2023, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa natafuta karatasi ya kufanyia hesabu. Katika sanduku la tata nikaliona lile daftari la samawati. Nikalifungua. Nilisoma mandazi, nikasoma omena, nikasoma majina ya madereva. Kisha nikafika kwenye mstari huu: "Alhamisi 19/12, saa mbili asubuhi, dizeli lita 20, nimeuza 1,400. Sijala tangu jana. Nyumbani wamenyamaza."

Mpenzi msomaji, nilisoma tarehe hiyo mara tatu kama wale maofisa na sili yao. Alipiga simu Jumanne asubuhi. Alisubiri Jumanne yote. Akasubiri Jumatano yote. Alhamisi asubuhi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka 11. Pesa za mama zilifika Alhamisi usiku. Hesabu hii haihitaji karatasi.

Jioni nilimfuata tata uani alikokuwa akinoa panga. Nilimwambia yote: namba niliyoifuta, siku mbili, na uongo wa "asubuhi ya leo". Aliacha kunoa. Nilidhani atanipiga, ingawa nilikuwa mkubwa. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Miaka hii yote nilidhani ni mamako. Nilidhani alikataa, halafu akanionea huruma." Akainuka akaenda jikoni alikokuwa mama. Walizungumza nini sijui. Nilisikia tu mama akisema mara moja, "Siku mbili?", halafu kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimemwibia tata chakula tu. Mama pia nilikuwa nimemwibia jina lake kwa miaka mitatu na miezi minne, naye akilala nyumba moja na mtu aliyeamini kwamba siku ya njaa alimgeuzia mgongo. Na hakumuuliza kamwe, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha.

Tata alirudi na kalamu. Akafungua daftari kwenye mstari ule, akanipa. "Hizo lita 20 si deni langu tena. Liandike kwa jina lako." Nikaandika. Akasoma, akatikisa kichwa, akaendelea kunoa panga lake.

Mnamo Septemba 2022 serikali mpya ilikuwa imeamuru mizigo ianze tena kushughulikiwa Mombasa, na madereva wengine wakaitwa kazini. Tata hakurudi. Siku hizi anaendesha lori la kubeba majani mabichi kutoka vituoni hadi kiwandani, na kila usiku analala nyumbani. Nazi hatuli tena, ila siku mtu akitoka pwani.

Ndugu wanachama, wengi wetu humu shuleni tuna mzazi aliye njiani. Kuna walio kwenye malori, walio mabasi, na walio Uarabuni wakifanya kazi za nyumba za watu. Kampuni ikifunga milango, lori litaulizwa, mzigo utaulizwa, na hata sili itaulizwa. Mtu wenu mtaulizwa ninyi. Mimi sina uwezo wa kuwafungulia madereva lango la Mombasa. Lakini ujumbe niliopewa ulikuwa mfupi, na nyumba ya kuupeleka ilikuwa moja. Basi akikupigia simu aliye mbali akasema mwambie mamako, mwambie. Mwambie kabla chai haijachemka.

Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini. Nawatakia wenzangu wa kidato cha nne mtihani mwema.